Mstari Mweusi Kwenye Mtungi wa Eliza

Wenzangu mliokulia Matema kabla ndoo za plastiki hazijaingia kila nyumba, mtakumbuka maji ya mtungini. Yalikuwa baridi hata jua likiwa kali namna gani, na yalinukia udongo kidogo, kama shamba baada ya mvua ya kwanza. Siku hizi mjukuu wangu Tusekile anatoa chupa kwenye friji, anakunywa nusu, halafu analalamika kuwa maji yana ladha ya samaki. Samaki wenyewe kawaweka yeye.

Sisi tulikulia kati ya mpunga na Ziwa Nyasa. Tukitoka shule tulitupa madaftari tukacheza rede na kombolela mpaka mama zetu waite kwa ile sauti ya tatu, ambayo ukichelewa kuitikia unajua kinachokungoja. Msimu wa kungu, wale wadudu wadogo wakipanda kutoka ziwani kama moshi, tulikimbia na vikapu kuwakamata. Walipondwa, wakakaangwa, na harufu yao tukaingia nayo kanisani. Tulikula ndizi, tulikula usipa, wale dagaa wa ziwani, tulikula wali wa mchele mpya ambao jirani wa nyumba ya tatu alijua umeiva kabla hajaambiwa. Na ukoko wa chini ya sufuria ulikuwa wangu. Nalitaja hilo kwa sababu ubaya wangu ulianzia hapo.

Jumamosi lilikuwa soko la Lyulilo. Akina mama wa Kikisi walikuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vyungu na mitungi imepangwa ndani na kushindiliwa majani isigongane. Bei haikuwa na maneno mengi: ukitaka mtungi unaujaza mpunga, mpunga unabaki kwa mfinyanzi, mtungi unaondoka nao. Lakini kabla ya kujaza, unagonga. Hata mtoto alilijua hilo. Unauinua, unagonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Mtungi mzima unalia kama kengele ndogo, na wenye ufa unalia kama mtu mwenye mafua.

Mama yangu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na hata watu aliwapima hivyo hivyo. Tukianza kusema fulani ana maringo, fulani mchoyo, aliuliza neno moja tu: "Umegonga?" Siku nyingine aliongeza, "Mungu anayeuona moyo hana haraka ya kuhukumu. Wewe usiyeuona, haraka yako unaitoa wapi?" Tulimwitikia vizuri sana, kisha tukaenda kusengenya nyuma ya nyumba.

Mama Eliza, mfinyanzi wa Ikombe, alikuwa rafiki yake. Kila Ijumaa jioni alifika na bintiye wakalala kwetu ili wawahi soko. Eliza alikuwa rika langu, miaka kumi na miwili, tukilala mkeka mmoja. Nilimpenda, kweli nilimpenda, lakini nilimwonea wivu. Mikono yake ilikuwa na akili. Mpe tope la mlangoni, atakutengenezea ng'ombe mwenye mpaka kope. Mama akawa hana wimbo mwingine: "Angalia mikono ya mwenzio. Ya kwako inajua kuvunja tu."

Halafu Ijumaa moja mama akakwangua ukoko, akampa Eliza. Mgeni apewe kwanza, alisema. Nikala wali wangu laini huku nikimeza na machozi. Wivu wa mtoto hauna haya, na niwaambie ukweli, wa mtu mzima nao hauna. Unajifunza tu kuvaa viatu uonekane wa heshima.

Wiki iliyofuata Eliza alishuka mtumbwini na mtungi wake wa kwanza. Ulikuwa mdogo, mwekundu, ameusugua kwa kokoto mpaka unang'aa. Mama yake alikuwa amemwekea sharti: mtungi huo ukichukuliwa na mtu asiye ndugu, basi ataanza kufinyanga vya kwake na kuvileta sokoni kwa jina lake. Alinieleza hayo tukiwa mkekani, akinishika mkono kwa furaha. Mimi nikajifanya nimelala.

Asubuhi sokoni mwanamke mmoja wa Ipinda akausimamia, kikapu cha mpunga ubavuni. Akainama, akauinua. Mama yangu alikuwa pembeni akisema kwa sauti ya kusikika, "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu Eliza! Umetuheshimisha."

Mwanangu! Neno hilo nalo akapewa yeye.

Shingoni mwa mtungi kulikuwa na mstari mweusi. Moshi huacha mistari kama ile wakati wa kuchoma, na nilikuwa nimeshaiona mara nyingi tu. Lakini siku ile nilitaka uwe ufa. Moyo ulikwisha kuamua, macho yakafuata. "Mama, usichukue huo!" nikampazia sauti yule mwanamke. "Umepasuka shingoni!"

Yule mwanamke akaurudisha mtungi chini bila kuugonga. Akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia wa tatu. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa mbele ya soko zima. Kabla jua halijafika utosini habari zilikuwa kwamba mitungi ya Mama Eliza ina nyufa. Haukuwa mmoja tena, ilikuwa yote.

Mama hakunichapa. Alinitazama tu. "Gwe, wewe! Umegonga?"

Akaugonga yeye, ukalia vizuri mpaka watu wakageuka. Akasokota ngata ya majani ya mgomba, akaniwekea kichwani. "Nenda ziwani ukaujaze. Upite nao soko zima, watu waone."

Nikapita kati ya samaki na mikungu ya ndizi, mtungi umejaa hadi mdomoni, nikisema kila hatua, "Ni mzima, nilikosea kuona." Halikunidondokea hata tone moja. Watu walicheka, wakasema watoto bwana, kisha wakaenda kuchukua mitungi ya wafinyanzi wengine. Maji waliyaona, lakini walikuwa wamekwisha kusikia ufa.

Mwishoni mama akaujaza mpunga auchukue yeye. Eliza akaumimina mpunga taratibu kurudi kikapuni, hata punje haikumwagika. "Ndaga, mama," alisema. "Lakini wewe ni ndugu."

Akaukumbatia mtungi wake, akaingia mtumbwini. Jumamosi iliyofuata mama yake alikuja peke yake, na iliyofuata tena peke yake. Ukoko ukarudi kuwa wangu. Sikuweza kuumeza.

Nilikuwa mwalimu, nikastaafu, na Shule ya Jumapili nimefundisha miaka mingi. Kila tulipofika somo la ulimi niliwasimulia watoto kisa hiki, na kila mara nilikiita kosa la macho. Mwaka jana tu, kwenye harusi ya jamaa yetu Matema, nilimkuta Eliza jikoni anapepeta mchele. Mvi zimemjaa, mikono ni ile ile. Nikamvuta pembeni.

"Dada, siku ile sikukosea kuona. Nilikuwa na wivu na wewe. Nisamehe."

Hakushangaa. "Nilijua, dada. Nilikusamehe pale pale, ulipopita na maji kichwani." Akapepeta mara mbili, pumba zikaruka. "Ila mikono haikusikia. Nilishika udongo mara tatu baada ya hapo, kila nilichofinyanga nikaona kina ufa. Nikaacha."

Tusekile na wenzake wana kundi la kwaya kwenye simu. Juzi alimwandikia msichana mmoja mbele ya kundi zima kwamba ameharibu wimbo, na rekodi yenyewe alikuwa hajaisikiliza hadi mwisho. Nikamfokea. "Bibi, usijali," akasema, "nimeshafuta kwa wote." Akanionyesha. Kweli, neno halikuwepo tena. Nikamwambia aliyelisoma kalisoma, akacheka, akaniona mshamba.

Nilimwambia hivyo kwa hekima, lakini si hekima tupu. Nilimwonea wivu mjukuu wangu. Sisi tunajisifu kwa maji matamu na wali wa kunukia, tunawacheka hawa kwa vidole vyao vyepesi, kumbe vidole hivyo angalau vinaweza kurudi nyuma. Ningewaachia enzi zetu zote, na utamu wake wote, nipewe dakika moja tu ya kufuta pale Lyulilo, kabla yule mwanamke hajaurudisha mtungi chini.