Nilimwambia mke wangu backup ipo, halafu kompyuta ikagoma kuwaka

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Nawaandikia nimechoka, sina hata nguvu ya kutia chumvi. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu mtaa wa Hewa Bora, mwezi huu huu.

Kiswahili chetu cha huku mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mke wangu, Mama Grâce, anaongoza kwaya parokiani. Tuna kompyuta moja ya mezani, ya zamani. Mimi naandikia mitihani, yeye anaandikia nyimbo. Anatunga mwenyewe, halafu anaandika sauti zote nne, noti kwa noti. Miaka tisa ya kazi imo humo.

Wiki ile umeme ulikuwa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Alhamisi asubuhi uliporudi, nikabonyeza kitufe cha kuwasha.

Feni ikazunguka. Logo ikatokea. Skrini ikawa ya bluu, kufumba na kufumbua, halafu ikajizima na kuanza upya. Logo, bluu, upya. Haikomi.

Sikukuu ya parokia ilikuwa imebaki siku kumi. Wimbo mpya wa sikukuu ulikuwa humo, haujachapishwa.

Nilifanya yote mnayoyajua. Nikabadilisha waya. Nikatoa RAM, nikasugua meno yake kwa kifutio cha mwanafunzi, nikairudisha. Nikapuliza vumbi jekundu la mji huu, likatoka la kujaza kijiko. Safe mode ikagoma. Startup repair ikafikiri nusu saa, ikasema imeshindwa. Siku mbili nimepiga magoti sakafuni kama muntu wa sala za novena.

Jumamosi tukabeba CPU, mimi na mke wangu, mpaka kwa fundi mmoja mjini. Akaiwasha mara mbili, akatikisa kichwa.

"Papa, hii disque imekufa nusu. Tuformater, tuweke Windows mupya. Copie ya bintu byenu iko?"

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akajibu: "Iko. Bwana yangu alifanyaka."

Wakuu, copie, yaani backup, haikuwepo. Mwaka juzi aliniomba nimwekee nyimbo zake kwenye disk ya nje. Nilikuwa nasahihisha mitihani, nikasema kesho. Kesho yake akauliza, nikasema tayari. Basi tu, ili aache kuuliza. Na kila alipouliza tena, nikasema nimeongeza na zile mpya. Uongo wa uvivu, hauna hata faida.

Nikamwambia fundi tuache kwanza. Tukatoka. Pale kando ya barabara, CPU iko chini kati yetu, nikamweleza ukweli.

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna."

"Na ile siku ulisema umeongeza ya Noeli?"

"Nilikudanganya, Mama Grâce."

Akainama, akashika upande wake wa CPU.

"Beba, Papa Grâce. Twende."

Jumapili baada ya misa alikaa mezani na daftari, akaanza kuandika nyimbo kwa kukumbuka. Anaimba polepole sauti ya kwanza, anaandika. Ya pili, anaandika. Kwenye ya tatu, tenor, anakwama, anarudi mwanzo. Mimi niko chumba cha pili, CPU iko wazi mbele yangu, nasikia kila mahali anapokwama.

Kuna wimbo alioutunga wakati mama yake alipofariki. Huo aliurudia mara nne. Halafu nikasikia daftari linafungwa.

Jumatatu nilipotoka shule nikaingia BIOS, ile skrini ya mipangilio kabla ya Windows, si kwa akili, kwa kukosa la kufanya. Nikaona tarehe pale juu: mwaka ule kompyuta ilipotengenezwa! Nikamwita mke wangu aone.

"Ile saa?" akasema. "Miezi mbili sasa inachelewa. Leo dakika kumi, kesho saa moja. Miye nilizani unajua."

Sikujua. Yeye ndiye aliyekuwa anaitumia kila siku, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo bapa, kama ya saa, huku tunaiita pile. Ndiyo inayotunza mipangilio umeme usipokuwepo. Yetu ilikuwa inazimia polepole miezi miwili, na Alhamisi ile ikakata roho. BIOS ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Nikapekua kwa simu nyuzi za jukwaa hili, nikaenda kuangalia upande wa disk: pameandikwa RAID, mpango wa disk nyingi, na sisi tuna disk moja tu. Nikaweka AHCI, mpango ambao Windows yetu iliuzoea, nikasave, nikakaa pembeni.

Logo. Halafu desktop.

Disk ilikuwa nzima kabisa. Kesho yake nikanunua pile kwa fundi wa saa, nikaibadilisha kwa dakika tano, nikaweka AHCI tena.

Lakini jioni ile ile ya Jumatatu nilimwita. Akakaa, akafungua wimbo mmoja mmoja. Alipofika kwenye ule wa mama yake, akaweka kidole kwenye skrini, kwenye mstari wa tenor.

"Ah," akasema. "Kumbe ilikuwa inashuka."

Akanunua flash mbili mwenyewe, akanakili mwenyewe. Moja akampa rafiki yake wa sauti ya pili, nyingine iko kwenye mkoba wake. Nikamwambia tununue ya tatu, nitunze mimi.

"Hapana, Papa Grâce. Mbili inatosha."

Sikukuu ilipita, wimbo uliimbwa, watu wakapiga vigelegele.

Funzo la kompyuta ni jepesi: saa ikianza kuchelewa, badilisha pile, na usikubali format kabla ya kuangalia BIOS. Funzo lingine ni kwamba backup usiyoifanya, sema hujaifanya.

Nyumbani tunaongea vizuri, tunakula pamoja. Ila siku hizi nikisema bomba nimelifunga, anasimama, anaenda kuangalia. Anaangalia tu, anarudi kukaa.

Waliopitia hili, tiririkeni hapo chini. Nasoma kila comment, hata za kunitukana. Nataka kujua kitu kimoja tu: kwenu ilichukua muda gani mpaka akaacha kusimama?