Ufizi wa Mpira Mwekundu

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa Kurani na imamu wa msikiti mdogo nje ya Kisarawe, enzi za Mwingereza. Meno yake ya mbele yalipong'oka, herufi zilianza kumponyoka. Thaa ilitoka kama upepo, dhali haikusikika. Kwake hilo lilikuwa zito kuliko njaa. Akapanda lori hadi Dar es Salaam, akarudi na meno ya kubandika, ufizi wake wa mpira mwekundu, na kisomo chake kikarudi.

Miezi ya kwanza hayakumsumbua, ndiyo maana baadaye hakuna aliyeyashuku. Kisha kinywa kikaanza kuwaka. Fizi zikaiva, midomo ikavimba, hata maji yalimchoma. Mimi nilikuwa mke mgeni, sijazaa, nimetokea Soga. Dada yake, aliyekaa ua wa jirani, akaja, akafunua chungu changu, akanusa.

"Wifi, kwenu mboga mnaiunga kwa kitu gani?"

"Nazi na chumvi, wifi."

"Na limbwata kidogo, mume asitazame pembeni."

Siku ile alicheka. Siku zilizofuata hakucheka. Alichukua jiko, akanikataza kugusa hata kikombe cha mume wangu. Kinywa kikazidi kuwaka. Akasema dawa yangu imeshamwingia mifupani, na Idi ikipita nirudishwe kwetu. Wazazi wangu wangenipokea, lakini mwanamke aliyerudishwa kwa sumu nani angemwoa tena? Mume wangu hakusema ndiyo wala hapana. Nilikuwa nikisujudu namsikia wifi akitwanga upande wa pili wa ukuta, nami nikimwomba Mungu subira tu, maana sikuwa na shahidi mwingine.

Ramadhani ikaingia. Mume wangu aliyavua meno, akihofia yasimharibie funga, akamwachia mwanafunzi wake aongoze tarawehe. Haikupita muda kinywa kikapoa. Nikadhani nimeokoka.

"Mnaona?" wifi akawaambia majirani. "Mwezi huu mashetani wamefungwa, na dawa yake imefungwa nao. Ngojeni Idi."

Nikaingoja Idi kama mtu anavyongoja hukumu. Siku hiyo mume wangu aliyavaa meno kabla ya alfajiri, ili azoee kusoma, akala tende alizoletewa na dada yake, akaenda kuswalisha. Katikati ya hotuba sauti ikamkwama. Alirudi mdomo umefura, machozi yanamtoka. Wifi alikuwa mlangoni, ameshika furushi la kanga zangu.

Mume wangu akayatoa meno, akayaweka juu ya mkeka.

"Dada, leo nimekula tende zako tu."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekulisha sumu?"

"Sikusema hivyo. Na wewe usimseme hivyo mke wangu."

Akafunua kinywa amwonyeshe. Pale mpira ulipogusa palikuwa pekundu kama nyama mbichi, umbo lilelile la ule ufizi. Kwingine mle kinywani pazima. Wifi alitazama, akalitua furushi, akaondoka.

Meno hayakuvaliwa tena. Uimamu akamwachia mwanafunzi, akaswali nyuma yake hadi mwisho wa uhai wake, wala sikumsikia akinung'unika. Mimi nilibaki, namshukuru Mungu. Wifi naye alibaki ua wa jirani miaka mingi. Kila sahani niliyompelekea, aliishika, akaniangalia, akasubiri nionje kwanza. Nami nilisema bismillahi, nikaonja.