Neno "Marufuku" Lilivyofutwa

Miaka ile ya tisini nilikuwa nikiwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kila Jumamosi alasiri, katika parokia moja ya hapa kisiwani Mombasa. Siku za kazi niliuza vitambaa Mji wa Kale, katika duka la bibi mmoja mtu mzima, njia ya kuelekea Ngome ya Yesu. Jumamosi duka likifungwa adhuhuri, nilipitia nyumbani Buxton, nikaoga, nikachukua katekisimu yangu na kwenda kufundisha. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea na kazi ile niliipenda. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye niliambiwa kwamba nalichukia Kanisa.

Darasani mwangu kulikuwa na msichana wa miaka kumi. Mama yake alikuwa jirani yangu, Mgiriama aliyekuwa akifua mashuka hospitalini, na waliishi wawili tu. Mtoto yule alijua kusoma. Akisimama na kitabu, hata wale watundu wa benchi la nyuma walinyamaza. Katekista mkuu alimsikia, akamchagua awe msomaji wa misa ya watoto, na ikawa kila Jumamosi baada ya darasa langu anabaki kwa mazoezi katika chumba kilichokuwa nyuma ya sakristia. Mara ya kwanza nilimpeleka mimi mwenyewe. Nilimshika mkono mpaka mlangoni nikamwambia, "Ingia, usiogope."

Baada ya miezi miwili akaacha kuja. Jumamosi ya tatu nikaenda kwao kuuliza.

"Kila Jumamosi tumbo linamuuma," mama yake akaniambia. "Jumapili asubuhi amepona, anacheza. Mimi sielewi, Mwalimu."

Mtoto alikuwa ameketi kitandani, magoti ameyakumbatia. Akaniuliza, "Mwalimu, naweza kusomea kwako? Huku nyumbani?"

"Kwa nini usisomee kule?"

Alimtazama mama yake, kisha akaitazama sakafu. "Yeye hufunga mlango kwa komeo. Aliniambia ni siri yangu na yake na ya Mungu, na nikisema, mama atafukuzwa kazi."

Mengine alituambia kwa maneno machache sana. Sitayaandika. Ni yake. Nitasema tu kwamba hapakuwa na jambo lolote la kufikiriwa mara mbili, na kwamba mama yake alitoka nje, akashika ukuta wa nyumba kwa mikono miwili.

Jumatatu asubuhi tulikwenda kwa paroko. Alitupokea vizuri, akatukaribisha viti. Tulipomaliza, alivua miwani, akaifuta.

"Mtu huyu amelitumikia Kanisa tangu ujana wake," akasema. "Amewabatizisha watoto wangapi? Lazima tuwe waangalifu na jina la mtu."

"Na mtoto, Padri?" mama akauliza.

"Mtoto anaweza kufahamu vibaya. Siku hiyo alikuwa amevaaje?"

Nilidhani sikusikia sawasawa. Mama alisikia. "Alivaa gauni lake la kanisani, Padri. Lina kola. Ana miaka kumi."

Akatuomba tusiende popote mpaka halmashauri ya parokia ikutane. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikubali. Nilimwambia mama tungoje. Nilizoea kutii, na niliamini kwamba watu wakubwa wakishajua, watafanya lililo sawa.

Siku ya Jumatano bibi wa dukani aliniona nikipima kitambaa kilekile mara tatu. Akaniuliza, nami nikamwambia. Alikuwa mtu wa mila, mwenye salamu ndefu, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Siku ile aliipandisha.

"Sasa wewe wafanyani hapa? Wangoja wanaume wakae, wanywe chai, washauriane? Mtoto hana wenyewe? Enda polisi. Enda sasa hivi!"

Nikaanza kusema kwamba kwetu kanisani kuna utaratibu. Akanikata. "Hata sisi tumeyaficha, mwanangu. Mwalimu wa chuoni, afundishaye watoto Kurani, mtu wa kuheshimiwa, akaambiwa ahame mtaa, basi. Watoto wale ni watu wazima leo, nami nawajua mmoja mmoja. Usiniambie utaratibu."

Nilimfuata mama hospitalini tukaenda. Afisa wa zamu aliandika mistari miwili, akauliza kama paroko anajua. Tuliposema ndiyo, alifunga daftari. "Basi mambo ya kanisa malizeni kanisani." Tulirudi mara mbili zaidi. Mara ya tatu hata daftari halikufunguliwa.

Halmashauri ilikutana. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye sauti ya kuagiza. Walitaka mtoto aletwe asimame mbele yao, watu wazima tisa, aeleze. Mama akakataa. Wakaandika kwamba mlalamikaji amekataa kutoa ushirikiano.

Baada ya majuma mawili tulitangaziwa kwamba katekista amehamishiwa parokia nyingine, pwani ya kusini, kwa sababu huko wanamhitaji. Akafanyiwa karamu ya kuagwa! Kulikuwa na keki, kulikuwa na saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya maua, na watoto walipangwa mstari wamwimbie. Watoto wangu. Nilisimama, nikawatoa wanane waliokuwa karibu nami, nikaenda nao uani. Ndipo yule mwenyekiti aliponifuata akaniambia kwamba nalichukia Kanisa.

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa, kwa hasira. Kisha tulikutana akina mama wanne nyumbani kwangu, na mama wa mtoto akiwa wa tano, tukaandika ukurasa mmoja wa kanuni. Hatukuwa na elimu kubwa. Tuliandika yale ambayo tungetaka yawe yamekuwapo siku nilipomwambia mtoto aingie asiogope. Ni marufuku mtu mzima kukaa na mtoto mmoja peke yao nyuma ya mlango uliofungwa. Mtoto akisema ameumizwa, asikilizwe, asiitwe mwongo. Anayelalamikiwa aondolewe karibu na watoto siku hiyohiyo, na asihamishiwe kwa watoto wengine. Habari zipelekwe polisi, na mtu wa parokia aandamane na mzazi.

Tuliupeleka kwenye halmashauri. Mwenyekiti alitoa kalamu nyekundu mfukoni, akaanza kutusahihisha kama insha za darasa la sita.

"Neno 'marufuku' ni kali mno. Tuseme 'haipendezi'."

"Haipendezi kwa nani?" nikauliza.

Akaongeza mbele yake, "pale inapowezekana kuepukwa." Pale tulipoandika asikilizwe, akaandika ukweli wa maneno yake uchunguzwe kwanza. Neno 'polisi' akalifuta, akaweka 'paroko'. Ile kanuni ya kutohamisha aliipiga mstari yote. "Hilo si letu. Hilo ni la Baba Askofu."

Ukurasa ulipigwa chapa, ukatumwa ofisi ya jimbo. Tukapata jibu la heshima kwamba maoni yetu yamepokelewa na yatazingatiwa kwa wakati wake. Miaka mingine yote niliyofundisha pale, wakati huo haukufika.

Mama wa mtoto hakungoja jibu. Aliniambia, "Dada, yule mtu yuko huko na watoto wa wenzangu. Mimi naenda." Jumapili iliyofuata tulivuka Likoni, tukafika kabla ya misa kwisha, tukawangoja akina mama chini ya ukuta wa kanisa. Nilikuwa nimejiandaa kusema mimi. Akanitangulia. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeelekeza njia, aliwaambia yeye ni nani, kazi yake nini, na mtu yule alimfanyia nini mwanawe. Mmoja akaguna, akasema hayo si ya kusemwa uani kwa kanisa. Mwingine, mjamzito, akamwambia, "Nyamaza wewe. Sema, mama." Kisha mama wa mtoto akatoa ule ukurasa wetu wa kwanza, ulioandikwa kwa mkono, wenye neno letu lenyewe, nikawasomea.

Wanawake wale walifanya kilichowashinda wanaume wetu. Jumamosi iliyofuata hakuna hata mmoja aliyempeleka mtoto kwa katekista, wala ile ya pili yake. Kabla mwezi haujaisha aliondoka. Hakufungwa, hakuulizwa lolote mbele ya hakimu, wala sijui alikokwenda. Jambo hili linaniuma zaidi ya yote, na sitaki kulifunika kwa maneno mazuri.

Huku kwetu nililihamishia darasa langu barazani, mbele ya macho ya kila apitaye, na wazazi wakapokezana kuketi nasi. Paroko akalalamika kwamba nimeligeuza kanisa soko. Nikamwambia sokoni angalau watu wanaonana.

Mtoto alisomea kwangu mpaka akamaliza darasa la nane. Komunyo hakupokea, na sikumsukuma. Aliendelea kusoma kwa sauti, vitabu vya hadithi na magazeti, mlango wa nyumba yangu ukiwa wazi. Siku moja aliniuliza kama nilijua, siku ile niliyompeleka. Nikamwambia sikujua, na kwamba ilinipasa kuuliza kabla ya kumwachia mkono. Akatikisa kichwa polepole, akafunua ukurasa uliofuata.

Mwishoni mwa miaka ile nilikutana na yule mwenyekiti Marikiti, akichagua nyanya. Amezeeka, amenyong'onyea. Akanisalimia kwa uchangamfu.

"Yale yamepita, Mwalimu," akasema. "Sisi tumeshasamehe."

"Ninyi?" nikamwuliza. "Ninyi mlikosewa nini?"

Alibaki na nyanya mkononi. Nilingoja ajibu. Nilingoja kweli, kwa sababu nilitaka kusikia. Mwenye nyanya akamwuliza kama anachukua au hachukui, naye akageuka kumjibu yeye.