Sombe ya Noeli kwenye Chumba cha Nyuma

Ilianza Jumanne ya mwezi wa kumi na moja, saa kumi na moja na dakika kumi za jioni, nilipofungua mlango ambao sikutakiwa kuufungua. Nje giza lilikuwa limeshaingia. Mwanamke wa agence, yule anayesimamia nyumba kwa niaba ya propriétaire, mwenye nyumba, alikuwa kwenye ngazi na mwavuli unaochuruzika maji. Miadi yake ilikuwa Alhamisi, maman akiwepo. Akasema alikuwa anapita mtaani, ana dakika tano, alors bora amalize leo.

Mtu mwingine angemwambia, "Rudi Alhamisi, madame." Mimi siwezi. Hata darasani nikiitwa, shingo inawaka moto na maneno yanakauka. Nikasogea pembeni, akapita.

Bail yetu, mkataba wa kupanga wa miaka tisa, ilikuwa inaisha. Propriétaire alikuwa amesema atatupa nyingine akikuta nyumba iko safi. Asipoikuta safi, atauza. Maman alikuwa ameanza kutafuta kwingine, mtaa wetu huu huu wa Forest, ikabidi aache. Ukisikika kwenye simu na lafudhi kama yake, nyumba inakuwa imeshachukuliwa kabla hujamaliza bonjour. Kwa hiyo wiki ile tulikuwa tunasugua. Vigae vya jikoni vilisuguliwa kwa mswaki.

Chumba cha nyuma hatukukisugua, maana kilikuwa cha tonton, mjomba wangu.

Si ndugu wa damu. Tulipofika kutoka Goma nilikuwa na miaka minne, na yeye ndiye aliyekuja kutupokea stesheni ya Gare du Midi. Maman anasema alisimama mwisho wa quai, jukwaa la treni, na makoti mawili mkononi, moja kubwa, moja dogo jekundu, bila kujua vipimo vyetu, na yote mawili yalitukaa. Maman huwa anaisimulia hiyo kama watu wengine wanavyosimulia Biblia. Kiwanda cha magari kilipofungwa, tonton alikosa kazi, halafu akakosa nyumba. Maman hakumwuliza kitu. Alimpa ufunguo. Kwenye bail jina lake halikuwepo, na propriétaire hakuambiwa.

Kwetu huingii chumba cha mwanaume mkubwa. Unabisha, unaacha sahani mlangoni, unaenda. Maman alikuwa hajakanyaga mle tangu mwezi wa nne.

Mimi nilichungulia mara moja. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na mwanga mweupe ulikuwa unatoka kama wa chumba cha daktari wa meno. Niliona ndoo, na majani ya kijani yenye vidole. Tonton akanikuta hapo.

"Ni sombe, mama," akasema. Ananiita mama tangu zamani. "Fraîche, siyo ile ya frigo ya Matonge. Usiambie maman. Ni surprise ya Noël."

Sombe mimi naijua ikiwa imetwangwa, tofali la kijani lenye barafu kwenye mfuko wa plastiki, la maduka ya Matonge. Mti wake sijawahi kuuona, au niliuona nikiwa mdogo nikasahau. Nilitafuta kwenye simu: majani ya muhogo yana vidole pia. Nikafurahi. Lakini niseme ukweli, maana haya naandika bila kusahihishwa na mtu. Harufu iliyokuwa inatoka mle naijua. Inakuwepo kwenye geti la shule kila siku saa nane. Nilijiambia inapanda kutoka kwa majirani wa chini. Sijui kama niliamini. Nilitaka kuamini, na jambo hilo ni rahisi sana ukiwa umepewa siri nzuri.

Mwanamke wa agence alisifu jikoni. Alisifu salon, sebule yetu. Akafika mlango wa nyuma, akashika kitasa. Tonton alikuwa ametoka, na kitasa kikazunguka, mlango ukafunguka.

Hapo ndipo nilipoongea. Nadhani ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu nisiyemjua. Nilimwambia kwa Kifaransa safi kwamba hayo ni majani ya muhogo, kwamba nyumbani tunayapika na mafuta ya mawese, na kwamba tonton wangu anayakuza kumshangaza maman siku ya Noël.

Hakucheka, na afadhali angecheka.

"Tonton wako," akasema. "Donc kuna mtu mwingine anaishi hapa."

Kisha akatoa simu, akapiga picha: ndoo tisa, taa, plastiki nyeusi kwenye dirisha. Akaubonyeza ukuta kwa kidole, kidole kikazama. Karatasi ya ukutani ilikuwa imebanduka kwa unyevu, na nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi hadi darini.

"Tangu Wajerumani waruhusu bangi, vyumba kama hivi naviona kila mahali," akasema, kama anaongea na ukuta. "Watu wanadhani sheria inapanda treni na kushuka Midi. Wenye nyumba wameanza kuongeza ukurasa mzima kwenye bail: kulima hapana, kuvuta hapana. Na hata hapa ikiruhusiwa kesho, ukuta ni wa propriétaire. Bima hailipi. Mnunuzi nitamwonyesha nini?"

Akaniachia maneno ya kumpa maman. Kesho kabla ya saa tatu asubuhi anataka mail inayosema mimea ni ya nani. Kama ni ya mpangaji wa ndani, na maman hakujua, na huyo mtu anatoka, atamwombea kwa propriétaire. Kama ni ya maman, faili inakwenda kwa hakimu, juge de paix, na bail imekufa.

Maman alirudi saa mbili kutoka Etterbeek, anakosafisha ofisi. Nilimwambia akiwa bado na koti. Alikwenda moja kwa moja nyuma, na kwa mara ya kwanza hakubisha. Tonton alikuwa amesharudi, amekaa kitandani kati ya ndoo zake.

"Njo nini hii?" maman akauliza. "Kwa nyumba yangu? Weye?"

"Calme-toi, maman. Allemagne, kwa Wajerumani, banasharuhusu. Trois plants par adulte, miti tatu kwa kila mukubwa. Hapa ni question ya wakati tu."

"Hapa ni Allemagne?"

"Na sikupitisha. Ona, iko neuf, tisa tu. Trois kwa mimi, trois kwa weye, trois kwa huyu mutoto, juu anakaribia dix-huit, anakuwa mukubwa."

Alitaka tucheke. Maman alishika ukuta uliolowa, akautazama mkono wake.

"Unajua miaka ngapi nilipanguza hii nyumba?"

Tonton akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba papiers zake za kukaa nchini ziko kwa renouvellement, zinasubiri kufanywa upya, na jina lake likienda polisi basi imeisha. Hakuomba. Angeomba, labda maman angemkatalia.

Maman akatoka, akaketi mezani, akaniita. Barua zote za nyumba yetu naziandika mimi tangu nina miaka kumi: ofisi ya commune, mutuelle ya bima ya matibabu, shule, hata za tonton. Maman anasema, mimi nageuza kwa Kifaransa.

"Andika," akasema. "Madame, kwa nyumba hakuna muntu mwingine. Mutoto alikosea. Ile majani ni yangu."

"Maman, watatufukuza."

"Yeye alikuja Midi na makoti. Nani mwingine alikuja? Andika."

Niliandika. Nilimsomea, akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia mtandao unasumbua, nitatuma asubuhi. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku ile, maana ule wa muhogo siuhesabu.

Haikusaidia chochote, niseme mapema. Propriétaire aliuza. Haya naandika kwenye kitanda cha watu wengine, na vitabu vyangu vimo kwenye makasha ya ndizi. Lakini asubuhi ile hatukujua bado.

Nilikuwa macho saa kumi na mbili. Nilifungua mail ya maman na kuifuta yote. Nikaandika nyingine: kwamba maman hakujua, kwamba mimea ni ya mtu anayekaa chumba cha nyuma, na jina lake kamili, herufi kwa herufi. Najua linavyoandikwa, kwa sababu fomu zake zote nimezijaza mimi. Chini nikaweka jina la maman. Saa moja na dakika ishirini nikatuma.

Tonton alikuwa jikoni, ameshachemsha chai ya tangawizi kama kila siku ya shule, kikombe changu kimefunikwa na sahani kisipoe.

"Umetuma ile ya maman?" akauliza.

"Ndiyo, tonton."

"Aksanti, mama. Kunywa, utachelewa tram."

Nikaketi mbele yake, nikanywa yote.