Swichi Iliyowaka Hata Ikizimwa

Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Tangu asubuhi upepo mkali na baridi ya kipupwe. Jua lipo, ila halipashi.

Mimi si fundi wa kusomea. Niliishia darasa la saba, na umeme nimejifunza kwa kufungua redio mbovu. Lakini mashine ya kutotolesha vifaranga nimeitengeneza mwenyewe, na zuri lake niliseme: boksi linatunza joto, balbu mbili za ndani zinajiwasha na kujizima joto likitimia, na ubavuni nimefunga swichi yenye taa nyekundu niliyonunua dukani Majengo. Taa ile ndiyo niliyojivunia. Nilimwambia mke wangu asifungue mfuniko ovyo. Akiona nyekundu, ajue mayai yanapata joto.

Mayai ni kumi na nane, ya mama mkwe. Aliyaleta mwenyewe kutoka Chala, kikapu chenye makapi ya ulezi amekipakata njia nzima. Kuku wake wameisha kwa ugonjwa wa kideri. Mbegu yake yote iliyobaki imo kwenye boksi langu, na leo ni siku ya nane.

Saa moja nilifungua nikayageuza, yalikuwa na joto zuri. Saa tano nilipofungua tena, mkono ulikutana na ubaridi. Balbu giza. Taa ya swichi, nyekundu kabisa.

Kwanza nililaumu balbu, halafu nikasema umeme ni mdogo. Ndipo nikaona swichi imelala upande wa kuzima. Imezimwa, na taa yake inawaka!

“Nani kagusa hapa?” nilimuuliza mke wangu, kwa sauti ambayo sasa naionea aibu.

“Usiniangalie mimi, fundi. Mama ndiye aliyefagia.”

Hapo nilikwama. Kwetu mkwe hahojiwi. Hata shikamoo naitoa kwa mbali, macho chini. Alikuwa jikoni, kati yetu ukuta mmoja. Mke wangu akaenda kuuliza. Jibu nililisikia lote, ila nikangoja liletwe.

“Anasema alibonyeza. Aliona taa inawaka mchana kweupe na chumbani hakuna mtu. Haikuzima. Akasema haya ni mambo ya mafundi, akaiacha.”

“Haikuzima kabisa?”

“Kabisa. Anauliza, hiyo swichi ni ya pambo?”

Jikoni nikasikia mtu anacheka.

Basi mama alikuwa amenionyesha kosa langu. Swichi ile ina miguu mitatu. Mmoja wa rangi ya shaba ni wa nyutro, waya wa kurudisha umeme; huo niliupatia. Katika miwili iliyobaki, mmoja unapokea moto, yaani umeme, kutoka ukutani na mwingine unaupeleka kwenye balbu, na kile kitaa chekundu kimeungwa kwenye huo wa kupeleka. Mimi niliipishanisha. Moto ukawa unafika kwenye kitaa muda wote, swichi iwashwe au izimwe. Muuzaji alinieleza habari za nyutro tu, wala sikumuuliza zaidi. Namba zimeandikwa kwenye plastiki. Nilizisoma bila miwani. Na siku ya kujaribu nilizima kwenye soketi ya ukutani. Kila kitu kikazimika pamoja, nikaridhika.

Nilifunika mayai kwa blanketi, nikachomoa plagi na kuiweka mezani mbele ya macho yangu. Nikabadilisha nafasi za zile waya mbili, nikazivisha mipira yake, nikafunga, nikachomeka. Nikabonyeza: nyekundu, na balbu zikawaka. Nikabonyeza tena: giza kote. Nilirudia mara tano.

Alasiri, joto liliporudi sawasawa, tuliziba dirisha nikamulika yai moja moja kwa tochi ya simu. Kumi na sita yana mishipa myekundu, na katikati kidoa kinachotikisika. Mawili ni matupu, lakini hayo niliyatia alama ya penseli tangu juzi, kwa hiyo asilaumiwe mtu.

“Mwambie mama kwamba kuku wake kumi na sita ni wazima,” nilimwambia mke wangu. “Na kosa ni langu. Asingebonyeza yeye, nisingejua.”

Akaenda, akarudi. “Anauliza, sasa afagie au asifagie?”

“Afagie. Akibonyeza, safari hii taa itamjibu.”

“Amesikia, we unaongea kwa sauti kama uko mnadani.”

Jioni tulikula ugali wa ulezi na samaki, migebuka. Mimi sebuleni, wao jikoni, kama inavyotakiwa. Mama mkwe alinitumia kipande cha katikati, kile kinene. Mayai mawili matupu hakuna aliyeyataka.