Mugongo wa papa mukwe na siterne yetu

Leo papa mukwe wangu ameegemea ukuta, na ukuta umetoboa siri yake.

Tulijenga siterne, tangi kubwa ya kuchunga maji ya mvua, hapa nyumbani. Ndani, nusu moja alipaka muzee mwenyewe na simenti tupu. Nusu ingine nilipaka miye, na simenti niliyochanganya na majivu ya volkano.

Alicheka mpaka akatoka machozi. "Mukamwana, hii volkano ilitubomolea nyumba, sasa weye unaipa kazi?"

Nikamueleza: majivu inaungana na simenti polepole, inaziba vitundu vidogo sana vyenye maji inapitia. Ila lazima kumwagilia ukuta maji siku nyingi.

"Kama mboga!" akasema. Tangu pale ananiuliza nitavuna lini.

Leo siterne imejaa. Wageni wamekuja kutoka misa. Muzee, na shemizi yake nyeupe, akaegemea upande wake, akawaonyesha wangu na kidole: "Ule ndio utavuja."

Kisha akageuka kuitisha chai.

Jamani, mugongo wote wa shemizi ulikuwa umelowa! Wageni wakaangalia chini. Mama mukwe ndiye alianza kucheka.

"Ni jasho," muzee akasema.

Jasho! Hapa Goma, na hii baridi ya asubuhi, watu wote na majaketi!

Sasa amehamisha kiti. Anakunywa chai, mugongo kwenye upande wangu, na ananiuliza kwa sauti ya chini yale majivu nilitoa wapi.

Munishauri: nimuambie leo, ao nimuache atoke jasho kidogo tena?