Mama Zuwena na Kaseti za Portsmouth

Koti lile lilinuka mvua. Si mvua ya kwetu Ibra, ambayo ikija huja kwa kishindo na kuacha harufu ya vumbi lililorowa, bali mvua ya mbali, nyembamba, ya siku nyingi mfululizo, iliyoingia katika nyuzi za kitambaa na kukataa kutoka hata baada ya koti kuanikwa wiki nzima juani. Lilikuwa koti refu la kiume, la kijani kilichofifia, lenye kofia nyuma na beji ndogo ndogo nyeusi na nyeupe kifuani. Lilining'inia msumarini katika chumba cha wanawake nyumbani kwetu, baina ya buibui la Bibi na mkoba wa Mama wa sokoni, na kila nilipopita nilitia pua yangu katika mkono wake. Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mwenye koti alikuwa Zuwena, mdogo wa mwisho wa mama yangu, ambaye mimi nilimwita Mama Zuwena kama inavyompasa mtoto kumwita mama yake mdogo.

Sisi tulitoka Unguja tukaja Ibra, Omani, mimi nikiwa bado nanyonya. Zuwena alikuwa ameondoka zamani. Miaka michache baada ya mapinduzi kaka yao mkubwa, Mjomba Salim, alimchukua akiwa na miaka minne akaenda naye Uingereza, mji wa Portsmouth, na tangu hapo Bibi hakumwona mwanawe ila katika picha. Msimu huo wa baridi Mjomba aliandika barua kwamba msichana amemshinda, anafuatana na vijana wa ngoma na mavazi ya ajabu, basi anamleta kwa mama yake akae miezi sita, huenda akatulia. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege, Baba akiendesha gari, Bibi mbele akisoma nyuradi njia nzima. Alipotokea mlangoni, nywele zimekatwa fupi kama za mvulana, suruali imembana na kuishia juu ya vifundo vya miguu, Bibi alimshika uso kwa mikono miwili akauliza, "Mwanangu, nani kakunyoa? Ulikuwa unaumwa?" Mama Zuwena akacheka, kisha akalia, na yeye na Bibi wakabaki wamekumbatiana pale huku watu wanawapita na masanduku yao.

Kiswahili chake kilikuwa kizuri lakini kilikuwa cha mtoto. Alisema "mama, nataka maji" kwa sauti ile ile ambayo, nadhani, aliondoka nayo Unguja, na maneno ya watu wazima alikuwa hana. Kiarabu hakujua hata neno. Nilimpenda kwa hilo kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu na mimi Kiarabu changu kilikuwa kibovu. Skuli wasichana waliniita Zanjibari na kunicheka nikimsemesha mwalimu wa kike kwa maneno ya kumsemesha mwanamume. Nilikuwa nikirudi nyumbani, nikakaa ukingoni mwa mfereji wa falaj uliopita nyuma ya mitende yetu, nikatia miguu katika maji yake ya baridi mpaka Mama aniite. Siku ya kwanza Mama Zuwena aliponikuta pale, hakuniuliza kitu. Alivua viatu vyake vizito vyeusi, akakunja suruali, akatia miguu yake karibu na yangu. Siku ya pili nikamweleza.

Mchana, baada ya chakula, nyumba nzima ililala. Baba alilala, Mama alilala, Bibi alilala na tasbihi mkononi, na feni ya dari ikawa inazunguka peke yake. Huo ndio uliokuwa wakati wetu. Mama Zuwena alilaza kichwa changu mapajani mwake akanisimulia habari za vijana wa Uingereza, mmoja baada ya mwingine, kama vile Bibi alivyokuwa akitusimulia nasaba ya ukoo wetu: fulani kamzaa fulani. Kwanza, alisema, baada ya vita vikuu walikuwako matedi, vijana wa kimaskini waliovaa makoti marefu yenye kola za mahameli kama mabwana wa zamani, nywele wamezipaka mafuta, na wazee wakawaogopa barabarani. Wakaja mamodi, wasafi kupita kiasi, suti zimewakaa sawasawa, wanapanda vespa zilizopachikwa vioo pande zote. Wakati huo huo wakawapo maroka, wa pikipiki kubwa na jaketi za ngozi, na makundi hayo mawili yakipigana ufukweni siku za mapumziko mbele ya wazee waliokuja kula aiskrimu. Koti lake lilikuwa la namna ile waliyovaa mamodi ili suti zisichafuke. Alilinunua mtumba.

"Halafu maskinhedi," nilimkumbusha, kwa sababu nilikuwa nishakariri mpangilio wake.

"Halafu maskinhedi," akasema. Hao walikuwa watoto wa wafanyakazi wa bandari na viwanda, walionyoa vichwa na kuvaa viatu vya kazi. Mwanzoni walicheza muziki wa Jamaika pamoja na vijana weusi, wakajifunza kwao hata namna ya kusimama. Baadaye wengine wakageuka, wakawa wanawapiga watu wa rangi nyingine mitaani. Yeye mwenyewe walimfukuza siku moja kutoka kituoni, ana miaka kumi na mitano, wakimtupia matusi wanayotukanwa Wahindi. "Hata kunitukana hawakujua sawasawa," alisema. Alikimbilia mlango wa kwanza uliokuwa wazi, na mlango ule ulikuwa wa ukumbi ambamo vijana weupe na weusi walikuwa wakicheza pamoja, wamevaa rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, makusudi, ili kila atakayewaona ajue wao ni upande gani. Msichana mmoja wa Kijamaika, jina lake Doreen, akamshika mkono akamwambia aingie, afunge mlango, baridi inaingia. Hakumuuliza katoka wapi. Mama Zuwena alisema kwamba Uingereza kote aliulizwa swali hilo, ila mle ndani.

Kisha akachomoa beji moja ndogo kutoka kwenye koti, akaibana ndani ya pindo la sare yangu ya skuli, mahali asipoweza kuiona mtu. "Wakikucheka," akasema, "wewe iguse. Una kundi lako." Niliigusa kila siku. Wasichana hawakuacha kunicheka, lakini nikawa narudi nyumbani polepole, bila kukimbia.

Kaseti za Doreen zilikuja kwa posta, kwa anwani ya ofisini kwa Baba. Yeye na Mama Zuwena hawakuandikiana barua, walizungumza kwenye redio kaseti na kupelekeana sauti. Baba akirudi kazini alikuwa akiacha fungu zima la barua katika kiti cha nyuma cha gari, na kazi yangu ilikuwa kulichukua na kumpa kila mtu yake. Kaseti ya kwanza ilipofika, wanawake wa jirani walikuwapo kwetu kwa kahawa ya alasiri. Mama Zuwena akaiweka papo hapo. Tukamsikia msichana anacheka, mlango unabamizwa, basi muziki ukaanza, na Mama Zuwena akasimama akacheza katikati ya mkeka, magoti juu, viwiko nje, uso mkavu kama askari. Wanawake walishika midomo. Bibi alisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Mdundo huu umekosewa. Wanapiga pale pasipopigwa." Lakini nilimwona kidole chake kikigonga ukingo wa kikombe cha kahawa, pale pale pasipopigwa.

Kila kaseti ilimfurahisha siku tatu na kumhuzunisha siku kumi. Akiisha kuisikiliza alikuwa akitembea uani huku na huku, akitoa nguo zake sandukuni na kuzikunja upya. Tiketi yake ya kurudi aliihifadhi katika msahafu aliopewa na Bibi. Nilijua kwamba mwezi wa sita angeondoka, na nilijua kuwa kaseti ndizo zilizokuwa zikimwita. Ya pili ilikuja, ikaja ya tatu. Siku ilipofika kaseti ya nne, mwezi wa nne, joto limeshaanza kuchoma nyayo, niliichukua ile bahasha yenye stempu za malkia, nikaitazama, nikaenda nayo stoo, nikaisukuma nyuma ya magunia ya mchele. Nilijiambia ni kwa siku moja tu.

"Shemeji, hakuna kitu posta?" Mama Zuwena alikuwa akimuuliza Baba kila mchana.

"Vyote kachukua Raya," Baba alijibu, na Mama Zuwena akanigeukia, na mimi nikasema, "Hakuna, Mama Zuwena." Nilisema hivyo siku ya kwanza, na ya kumi, na ya thelathini. Jambo la kutisha ni kwamba uwongo ule ulifanya kazi. Aliacha kutembea uani. Aliacha kuweka zile kaseti nyingine tatu, kisha akaacha kunisimulia mchana, akawa analala kama watu wengine. Nywele zake ziliota mpaka masikioni, na Bibi akazipaka mafuta ya nazi kwa furaha. Baba akaja na habari kwamba skuli ya wasichana ya Nizwa inatafuta walimu wa Kiingereza, akaleta na fomu, na Mama Zuwena akaijaza pale pale kwenye mkeka, bila kuuliza kitu. Nilipata nilichokitaka, akabaki, lakini aliyebaki hakuwa yule niliyetaka abaki. Siku nilipomwona analitoa koti msumarini na kulilaza chini ya sanduku, miguu yangu ilinipeleka stoo yenyewe. Nikamletea bahasha imejaa vumbi la mchele.

Aliichukua, akaangalia muhuri wa posta, akaingia chumbani akafunga mlango. Nilikaa chini nje ya mlango nikamsikia Doreen akizungumza muda mrefu, bila muziki safari hii, na mimi sielewi hata neno. Halafu kaseti ikafika mwisho. Mama Zuwena alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alinieleza kila kitu kama alivyozoea kunieleza. Doreen na wenzake wawili walikuwa wamepata nyumba London. Kitanda kimoja kilikuwa chake, na kazi katika duka la sahani za muziki ilikuwa ikimngojea, ila ajibu kabla mwezi wa nne kwisha, maana wanahama. Asipojibu, Doreen alisema, atajua ameolewa, na atamwombea heri.

Alijibu siku ile ile, kwa barua. Baada ya wiki nyingi barua ilirudi na muhuri kwamba mwenyewe keshahama. Tiketi yake ilikuwa bado ipo, lakini Mjomba Salim alikuwa ameandika kwamba nyumbani kwake hapana nafasi ya mtu wa ngoma, na mtu mwingine wa kumwendea hakuwa naye. Siku barua iliporudi nilimkuta amekaa falaj, nikasimama nyuma yake nikilia. Nilingojea kupigwa. Nadhani nilitamani kupigwa.

"Kwa nini hukuniambia tu, nisiende?" aliuliza bila kugeuka.

"Ungebaki?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto. "Sijui," akasema. "Lakini ningejua kwamba yuko anayetaka nibaki. Miezi yote hii nilidhani hapa nimeletwa, na kule nimesahauliwa."

Mwezi wa tisa Baba alimpeleka Nizwa kwa gari, mimi nimekaa nyuma na sanduku lake. Tulipoiona ngome ya Nizwa akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akakamata mguu wangu, akaushika hivyo mpaka tukafika. Alifundisha pale miaka yake yote ya kazi. Aliolewa na mtu mpole wa mji wa Adam, mfanyabiashara wa tende, akazaa wanne. Doreen hakupatikana. Mara moja, nilipokwenda London kwa masomo mafupi, nilizungukia maduka ya sahani za muziki nikiuliza, jambo la kipumbavu, katika mji mkubwa kama ule. Wenye maduka walinisikiliza kwa adabu.

Siku hizi Ibra hakuna anayemcheka mtoto wetu kwa Kiarabu chake. Watoto wangu wanakisema kama waliozaliwa nacho, kwani wamezaliwa nacho. Kiswahili wanakisikia tu, wakinijibu wananijibu kwa lugha nyingine. Nguo zile zote za matedi na mamodi na maroka zimejaa madukani Maskati, zimechanganywa pamoja, na binti yangu huvaa anachokipenda bila kujua nani alipigwa barabarani kwa ajili yake. Ana marafiki katika nchi nne, anaongea nao kwa simu huku anakula. Hapotezi mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo, na hapo hapo naona hajapata hata siku moja kulala mchana wa joto kichwa kimelazwa mapajani mwa mtu, akisimuliwa dunia nzima kwa sauti ya chini ili wengine wasiamke.

Mwezi uliopita nilimpigia simu Mama Zuwena Nizwa. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, tukaulizana magoti na sukari, na kabla ya kuagana nikamuuliza jambo ambalo kwa miaka arubaini sikuthubutu kumuuliza: lau angekwenda, leo angekuwa nani?

Alicheka. "Ningekuwa nani? Bibi kizee kama nilivyo, nimesimama kituoni London na kikapu changu, baridi imeniingia kwenye mifupa, nangoja basi lisilokuja."

Na mimi nikacheka. Kisha adhana ikaanza upande wangu, na punde nikaisikia na upande wake.

"Lakini ningependa kulingoja, Raya," akasema. "Hilo basi. Ningependa."